Nikola Tesla na Mashua Isiyo na Baharia

Miongoni mwa mabingwa wa umeme waliopata kutokea duniani, Nikola Tesla hukumbukwa zaidi kwa umeme wa mkondo geu, ambao ndio unaowasha taa majumbani mwetu. Lakini kwa sisi tulio katika kazi ya ulinzi, iko kazi yake nyingine inayostahili kuangaliwa kwa makini, nayo ni mashua ndogo ya chuma aliyoiongoza kwa mbali mwaka 1898, pasipo mtu ndani yake wala waya wa kuiunganisha na nchi kavu.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo nchini Kroatia. Zama hizo kijiji hicho kilikuwa katika eneo la mpaka lililotawaliwa kijeshi na Dola ya Austria. Baba yake, Mserbia, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiorthodoksi. Mama yake hakujua kusoma, ila alikuwa hodari wa kubuni zana za nyumbani kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1874 kijana huyo alikwepa kuandikishwa jeshini, akaenda kujificha milimani. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha ufundi mjini Graz, lakini hakuhitimu.

Baada ya kufanya kazi Budapest na Paris, aliwasili New York mwaka 1884, akaajiriwa katika kampuni ya Thomas Edison. Hakudumu huko. Aliondoka baada ya miezi michache, na kikafika kipindi cha dhiki ambapo alichimba mitaro ili apate riziki. Mwaka 1888 alipata hati za uvumbuzi wa mota ya mkondo geu, na kampuni ya George Westinghouse ikapata haki ya kuzitumia. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa mfumo huo.

Mwaka 1898, wakati Marekani ilipokuwa vitani na Hispania, Tesla aliionyesha mashua yake katika maonyesho ya umeme kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Ndani yake mlikuwa na betri, mota, usukani na kifaa chenye chembe za madini. Mawimbi ya redio yalipokifikia kifaa hicho, chembe zilishikana, umeme ukapita, na usukani ukageuka. Watazamaji walistaajabu, wengine wakadhani ni uchawi. Husimuliwa kwamba waliiuliza mashua maswali ya hesabu, nayo ikajibu kwa kuwasha na kuzima taa. Lakini mashua haikujua hesabu. Aliyejibu ni Tesla mwenyewe, akiwa amesimama pembeni na kisanduku chake.

Tarehe 8 Novemba mwaka huo alipewa hati ya uvumbuzi nambari 613,809. Humo alieleza kwamba chombo cha namna hiyo kingeweza kuchukua mizigo na kufanya upelelezi, lakini faida yake kubwa ingekuwa vitani, maana silaha isiyozuilika ingewalazimisha wakubwa wa dunia kudumisha amani. Jeshi la Wanamaji la Marekani halikuitumia. Tesla alifariki tarehe 7 Januari 1943 katika chumba cha hoteli mjini New York, akiwa na umri wa miaka 86, huku Vita Kuu ya Pili vikiendelea kuunguza dunia. Amani aliyoitarajia haikuletwa na mashine.

Hata hivyo, wazo lake halikufa. Mwaka 1972 jeshi la Uingereza lilianza kutumia, huko Ireland ya Kaskazini, kigari kinachoongozwa kwa mbali ili kuyasogelea mabomu. Kabla ya hapo fundi wa mabomu alilazimika kuyaendea kwa miguu yake, na wapo waliopoteza maisha. Tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, ndege zisizo na rubani wala silaha. Mwezi Mei 2014 mojawapo iliona watu wakizama katika Ziwa Kivu baada ya chombo chao kupinduka. Ndege ile iliona, lakini haikuwa na mkono wa kumshika anayezama. Waliokwenda kuwaopoa ni watu, kwa boti.

Hapo ndipo lilipo funzo la maisha ya Tesla kwa askari wa jeshi na wa polisi. Mashine humwondoa mtu mahali pa hatari, na hilo ni jema. Lakini haimwondolei dhamana. Baharia aliondoka mashuani akahamia penye kisanduku. Kazi yake ikabadilika, wajibu wake ukabaki palepale. Atakayekabidhiwa chombo cha kuongozwa kwa mbali ajue kwamba macho ya chombo hicho ni macho yake, na kwamba mbele ya sheria atakayeulizwa ni yeye pamoja na aliyempa amri, wala si mashine.