Martin Johnson: mpiga picha aliyekaa mbali na apareyi yake

Mpiga picha akisimamisha apareyi yake kandokando ya Lac Vert, hapa magharibi mwa mji wa Goma, anaweza kurudi nyuma, akajipanga pamoja na wenzake, akabonyeza kidude kidogo kilicho mkononi. Hakuna waya. Mawimbi ya redio yanapita hewani, apareyi inafunguka, picha imetoka. Leo hata telefone inafanya hivyo. Lakini karibu miaka 100 iliyopita, mtu mmoja alihangaika sana ili apareyi ifanye kazi yeye akiwa mbali. Ni Mmarekani Martin Johnson, na safari zake zilimfikisha mpaka huku Kivu.

Johnson alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Illinois, akakulia Kansas. Baba yake alikuwa na duka la vito, na humo aliuza pia apareyi za Kodak. Kijana akazoea picha mapema. Mwaka 1907 alipanda mashua ya mwandishi Jack London kwenda visiwa vya Pasifiki, akiajiriwa kama mpishi. Mwaka 1910 alimuoa Osa Leighty. Tangu hapo walizunguka dunia pamoja: bwana akishika apareyi, bibi akisimama kando na bunduki ili kumlinda.

Mwaka 1924 waliweka kambi kwenye mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, karibu na ziwa walilolipa jina Paradise. Mtu wa Goma angelitambua haraka, kwa sababu ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, sawa na Lac Vert. Tembo walikuwa wanashuka kunywa maji. Lakini wanyama wengi hutembea usiku, na wakisikia harufu ya mtu wanakimbia, au wanamshambulia. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kumwondoa mtu pale.

Mmarekani mwingine, George Shiras, alikuwa ametangulia. Picha zake za usiku zilitolewa na gazeti la National Geographic mwaka 1906. Johnson naye aliifanya kazi hiyo Afrika. Alisimamisha apareyi, akaweka unga wa magnesi unaowaka kama radi, akaunganisha yote na batri. Mara nyingine mnyama mwenyewe alivuta uzi uliotegwa, akajipiga picha. Mara nyingine Johnson alijificha na kitufe mkononi, waya mrefu ukimuunganisha na apareyi, simba akija kula nyama iliyowekwa mbele. Unga ukilowa, kazi imekufa. Fisi akitangulia kugusa uzi, unga unaungua bure na simba hapatikani tena. Vyombo hivyo vizito vilibebwa na wafanyakazi Waafrika, ambao majina yao hayakujulikana kama lake.

Alipokaa mbali, Johnson alipata wanyama katika maisha yao ya kweli. Kivu alifanya kinyume.

Karibu mwaka 1930, yeye na Osa waliingia Kongo ya Wabelgiji. Walipiga filamu ya Wambuti katika msitu wa Ituri, kisha wakafuata masokwe katika milima ya Alumbongo, upande wa Kivu. Filamu yao yenye sauti, Congorilla, ilionyeshwa mwaka 1932. Lakini hawakurudi na picha tu. Walikamata masokwe wawili wachanga, wakawapeleka Marekani. Mwaka 1931 wanyama hao walifika kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, wakiitwa Mbongo na Ngagi. Watu walijaa kuwatazama.

Wakati huo Park Albert, ambayo leo ni Virunga, ilikuwa imeshaundwa tangu mwaka 1925 ili kulinda masokwe. Aliyeiomba sana ni Carl Akeley, rafiki wa akina Johnson, aliyekufa mwaka 1926 na kuzikwa kwenye mlima Mikeno.

Martin Johnson alikufa Januari 1937 baada ya ndege ya abiria kuanguka milimani karibu na Los Angeles. Alikuwa na miaka 52. Osa aliumia lakini akapona, akaishi hadi 1953. Mbongo alikufa mwaka 1942, Ngagi mwaka 1944. Wote wawili hawakuona tena milima ya Kivu.

Siku hizi watafiti wanafunga kwenye miti apareyi ndogo zinazojifyatua zikihisi joto la mnyama anayepita. Hakuna baruti, hakuna nyama ya kutegea, na hakuna mtoto wa sokwe anayebebwa. Mnyama anapita, picha inabaki, na yeye anaendelea na njia yake msituni.