Edward Steere: Askofu aliyejenga kanisa kwenye soko la watumwa

Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipita bondeni chini ya milima yetu ya Upare ikielekea Pangani. Pamoja na pembe za ndovu, ilipeleka watu. Wengi waliofikishwa pwani walivushwa bahari hadi Unguja, kwenye soko la watumwa la Mkunazini. Ndiyo maana habari za Askofu Edward Steere zinatuhusu hata sisi wa Kifaru, Mwanga na Same.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa padri. Alifika Unguja mwaka 1864 na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alijifunza Kiswahili kwa bidii, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi yake. Pia alichapa vitabu Unguja akisaidiwa na vijana waliokombolewa utumwani.

Juni 1873, Sultan Barghash alikubali kulifunga soko. Misheni ikapata kiwanja hicho, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe.

Ukilitazama kanisa hilo utaona madirisha yenye matao yaliyochongoka juu. Huo ni mtindo wa Gothiki, ulioanza Ufaransa miaka ya 1140 kwenye kanisa la watawa la Saint-Denis, karibu na Paris. Mkunazini umechanganywa na mapambo ya Kiarabu. Paa nalo halikuwekewa mbao. Lilimiminwa kwa saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, likapinda kama nusu ya pipa. Wapo waliosema litaanguka. Mpaka leo limesimama.

Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Altare iko mahali ambapo inaelezwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare hiyo.

Kaburi la askofu linajulikana. Waliouzwa pale, hata wa kwetu, wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala jina lililoandikwa. Msikilizaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyesimuliwa habari za ndugu aliyechukuliwa na msafara, muulize sasa, angali yupo.