Shaaban Robert, karani wa Tanga aliyewaachia watoto hadithi ya ndugu waliosalitiana

Imepita zaidi ya miaka 60 tangu Shaaban Robert afariki dunia, na bado jina lake ndilo la kwanza kutajwa watu wanapozungumzia uandishi wa Kiswahili. Aliandika mashairi, tenzi, insha na riwaya. Lakini kati ya vitabu vyake vilivyosomwa sana na watoto wa shule kuna kimoja kidogo, Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Ni hadithi ya ndugu watatu wa baba mmoja, wawili kati yao wakamtupa wa tatu baharini kwa sababu ya wivu.

Kwa msomaji wa Nyamitaba, katika usultani wa Bashali wilayani Masisi, hadithi ya namna hiyo haitoki mbali. Tangu vita vya mwaka 1993, milima ya Masisi imeona majirani wakigeukiana na familia zikihama makwao, zikirudi, kisha zikihama tena.

Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ikaingia mikononi mwa Waingereza. Wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye alijihesabu kuwa Mswahili, mtu wa lugha aliyoikuta pwani na kuifanya yake.

Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Siku zile shule zilikuwa chache na wanafunzi waliofika mwisho walihesabika. Katika darasa lake alikuwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti. Masomo yake ya shuleni yaliishia hapo. Mengine yote aliyafuata mwenyewe katika vitabu, usiku, baada ya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukarani. Mwaka 1926 aliingia idara ya forodha, akakaa Pangani hadi mwaka 1944. Kisha alihamishiwa idara ya wanyama wa pori. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia mwaka 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi, mpaka alipoacha kazi mwaka 1960. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mtumishi mdogo wa serikali ya kikoloni, Mwafrika aliyepokea amri na kupangiwa mahali pa kuishi.

Tenzi mbili kwa watoto wake

Kabla ya kuwaandikia watoto wa watu wengine, Shaaban Robert aliwaandikia wa kwake. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki akiwa bado kijana. Msiba huo ulimuumiza sana, na shairi alilomtungia marehemu limebaki kati ya mashairi ya maombolezo yanayojulikana zaidi katika Kiswahili.

Baba huyo alitunga tenzi mbili. Utenzi wa Hati ulikuwa wa binti yake, na Utenzi wa Adili ulikuwa wa mtoto wake wa kiume. Zote mbili zimo katika kitabu kinachosimulia maisha yake. Hakuwa na mali ya kuwarithisha, kwa hiyo aliwapa maneno: namna ya kumcha Mungu, kuheshimu watu, kufanya kazi, kujitunza na kuishi katika ndoa. Baadhi ya mafundisho aliyompa binti ni ya zama zake, na mzazi wa leo anaweza kuyapinga. Lakini alichokifanya hakikuwa cha kawaida kwa wakati ule. Alikaa chini akamtungia mtoto wa kike utenzi mzima, kama watu wa zamani walivyowatungia masultani.

Hadithi ya Adili

Katika Adili na Nduguze, Adili ni liwali wa mji wa Janibu, chini ya Mfalme Rai wa nchi ya Ughaibuni. Mjumbe wa mfalme, Ikibali, anafika kwake na kugundua jambo la ajabu. Kila usiku liwali huyo mwema anawachapa manyani wawili kwa mjeledi, huku yeye mwenyewe akijaa majonzi.

Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Baba yao alipofariki waligawana urithi. Wawili hao wakapoteza fungu lao, na Adili akagawana nao lake. Walisafiri pamoja baharini, Adili akapata bahati kubwa kuliko wao, nao wakamtosa majini. Huria, binti wa kijini ambaye Adili alikuwa amemuokoa zamani, alimtoa baharini, akawageuza ndugu hao kuwa manyani na kumuamuru Adili awaadhibu kila usiku.

Msingi wa kisa hiki unapatikana pia katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Shaaban Robert alikipa majina ya Kiswahili ambayo mtoto anayaelewa papo hapo: Adili ni mwenye haki, Hasidi ni mwenye husuda, Mwivu ni mwenye wivu. Lakini uzito wa kitabu uko kwenye ule mjeledi. Aliyekosewa ndiye analazimishwa kuadhibu, na kila adhabu inamuumiza yeye pia. Mwishoni Mfalme Rai anawaombea msamaha, na ndugu wanarudishiwa umbo la watu.

Nchi za kufikiria

Riwaya nyingine zilimtumikia kusema yale ambayo karani wa Waingereza hakuweza kuyasema waziwazi. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, nchi inaelea hewani, na kijana anayeitwa Karama anashitakiwa kwa sababu ya kufundisha sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao, na waliporudi wakafungwa. Kufikirika, aliyoiandika mwaka 1946, inajadili pamoja na mengine jinsi mtoto wa mfalme anavyopaswa kufundishwa. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1967, wakati mwandishi ameshakufa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa bahati ya maandishi yake mengi. Alipewa nishani ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa uandishi wake, na ya MBE ya Waingereza. Hata hivyo wachapishaji walikuwa wachache na fedha zilikuwa haba. Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, akiwa na miaka 53, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Baadaye maandishi yake yalikusanywa katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban, wenye vitabu 14.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizoandikwa katika katiba ya Kongo, na ndicho kinachowaunganisha wakaaji wa Masisi wenye lugha tofauti za nyumbani. Hata hivyo mtoto anayepanda madarasa anakutana zaidi na vitabu vya Kifaransa. Kisa cha Adili kingemfikia bila mkalimani. Angekuta humo jambo moja ambalo wazee wake bado wanaliulizia: kabla Mfalme Rai hajaomba msamaha, Adili alisimama mbele yake akaeleza yote aliyotendewa, tangu mwanzo hadi mwisho, na mfalme akamsikiliza.