Elliott Kamwana na Oktoba ya 1914

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mathayo 24:36-44, Danieli 4, Danieli 8:14, Luka 21:24, Matendo 1:6-8, Ufunuo 10.

Msafiri atokaye Sumbawanga kwenda Mbala hupita Matai, kisha Kasesya, na hapo huvuka mpaka ambao wakoloni waliuchora katikati ya ndugu. Wamambwe wako upande huu na upande ule. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpaka huo ulivukwa na mahubiri ambayo wazee waliyaita Kitawala, jina lililotokana na lile la Kiingereza la Mnara wa Mlinzi. Mahubiri hayo yalikuwa na historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na mwanzoni mwake kuna mtu aliyebatizwa katika misheni ya Waadventista Wasabato.

Huyo ni Elliott Kenan Kamwana, Mtonga wa mwambao wa magharibi wa Ziwa Nyasa. Alisoma katika shule za wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, akaonekana kijana mwenye akili nyingi. Lakini wamisionari walipoanza kutoza ada aliiacha shule, akaenda kusini, upande wa Blantyre. Huko alikutana na Mwingereza Joseph Booth, mtu aliyewapenda Waafrika kwa moyo wa kweli ila hakudumu katika kanisa lolote. Alikuwa Mbaptisti, kisha Mbaptisti wa Siku ya Saba, na mwaka 1902 akawa pamoja na Waadventista Wasabato. Mwaka huo kanisa letu liliinunua misheni ya Plainfield, ambayo baadaye iliitwa Malamulo, yaani Amri. Wa kwanza kuiongoza pamoja na Booth alikuwa Thomas Branch, Mmarekani mweusi aliyekuja na familia yake. Hapo Plainfield Kamwana alizamishwa majini, akajifunza Sabato na tumaini la kurudi kwa Bwana.

Hakukaa sana. Kama vijana wengi wa Nyasa alikwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, akawa pia anahubiri kwenye machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Booth naye alikuwa ameshatuacha. Mwaka 1906 alionana na Charles Taze Russell huko Marekani, akayapokea mafundisho yake, na mwaka uliofuata alimfundisha Kamwana huko Cape Town.

Ni vema darasa litulie kidogo hapa kwenye hesabu ya Russell, kwa sababu sura yake inafanana na ile tuliyoizoea. Alichukua nyakati saba za Danieli 4, akazihesabu kuwa miaka saba yenye siku 360 kila mmoja, jumla siku 2,520. Akatumia kanuni ya siku moja kwa mwaka mmoja (Hesabu 14:34, Ezekieli 4:6), akapata miaka 2,520. Akaziunganisha na majira ya Mataifa ya Luka 21:24, akaanza kuhesabu mwaka 606 kabla ya Kristo, akafika 1914.

Kanuni ya siku kwa mwaka ni halali, nasi tunaitumia. Kasoro ziko penginepo. Danieli 4 yenyewe inaeleza kwamba nyakati saba zilimpata Nebukadneza, na kabla sura haijaisha zimeshatimia na mfalme amerudishiwa akili zake. Hakuna aya inayozipeleka mbele zaidi. Yerusalemu nao, kwa ushahidi wa historia, uliangamizwa karibu na mwaka 586 kabla ya Kristo, si 606. Tena hakuna mwaka sufuri kati ya kabla ya Kristo na baada yake, hivyo hata kwa tarehe zake mwenyewe hesabu ilipungukiwa na mwaka mmoja. Mtu mwenye kalamu na subira angeyaona hayo. Lakini Watonga wa mwaka 1908 hawakuwa wanatafuta kasoro za hesabu.

Kamwana alirudi kwao mwaka huo, akaanza kuhubiri Bandawe na vijiji vya jirani. Kodi ya kibanda ilikuwa inawafukuza wanaume kwenda machimboni. Shule zilidai ada. Waskoti walimweka mtu darasani muda mrefu kabla ya kumbatiza, na wengi walichoka kungoja mlangoni. Kamwana alibatiza papo hapo. Alitangaza kwamba Oktoba 1914 Kristo angeutwaa utawala, serikali ya wazungu ingeondoka, na kodi ingekoma. Katika miezi michache alibatiza watu karibu 10,000. Kwa wale watu haikuwa hadithi ya wanyama na pembe. Ilikuwa habari ya lini mume angerudi nyumbani.

Serikali ilimkamata mwaka 1909 na kumhamisha. Haikumkuta na silaha, wala hakuwahi kufundisha watu wapigane. Alifundisha wangoje, kwa kuwa Mungu mwenyewe angetenda.

Oktoba 1914 ilifika. Vita ilikuwa imeanza Ulaya miezi miwili kabla, na wengine waliona humo dalili kwamba mhubiri alisema kweli. Lakini Kristo hakuja. Kodi haikukoma, ikaongezeka kazi ya kubebea majeshi mizigo. Mwanzoni mwa 1915 John Chilembwe, ambaye naye aliwahi kulelewa na Booth, aliongoza maasi katika nyanda za Shire. Kamwana hakushiriki, ila serikali haikutaka kubahatisha. Ilimpeleka Mauritius, kisha Seychelles, mbali na kila mtu aliyembatiza. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1937.

Muadventista asimcheke. Tumewahi kuwa hapo. William Miller, mkulima wa Kibaptisti, alihesabu siku 2,300 za Danieli 8:14 tangu mwaka 457 kabla ya Kristo, na waliomwamini wakangoja tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine hawakuvuna viazi vyao. Kulipokucha tarehe 23 walilia. Hata baada ya hapo walikuwepo ndugu zetu waliojaribu tarehe nyingine. Joseph Bates, nahodha mcha Mungu, alielekeza macho ya watu kwenye mwaka 1851. Ellen White alilipinga jambo hilo waziwazi. Waanzilishi wetu walirudi kwenye Biblia wakaona kwamba hesabu ya 1844 ilikuwa sahihi na tukio ndilo walilolikosea: Kristo alianza kazi ya hukumu katika patakatifu pa mbinguni. Katika Ufunuo 10 waliona pia kwamba baada ya hapo hakuna tena wakati wa kinabii unaohesabiwa hadi siku fulani.

Kamwana alikuwa amepita Plainfield. Alipokea Sabato na tumaini, lakini hakukaa muda wa kutosha kujifunza uchungu wa kile kitabu kidogo (Ufunuo 10:9, 10). Swali la nani alipaswa kumfundisha, na kwa nini misheni changa haikuweza kumshika, linastahili kujadiliwa darasani kuliko swali la makosa yake.

Alipokuwa uhamishoni, mahubiri hayakungoja ruhusa yake. Wafanyakazi wa Nyasa waliyapeleka machimboni Rhodesia ya Kusini, na huko waliyapokea watu wa kabila nyingine. Mmoja wao, Hanoc Sindano, alirudishwa kwao Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1917, akahubiri kati ya Wamambwe na Wanyamwanga. Nchi ilikuwa imechoka. Wanaume walibebeshwa mizigo ya jeshi, chakula kilikuwa haba, na Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Watu walikesha wakihubiriwa kwamba mwisho umefika. Walikataa amri za machifu na serikali, na wengi walifungwa mwaka 1919. Kisha wahubiri wakavuka kuingia Ufipa. Kwa upande mwingine mambo yaliharibika kabisa: Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana wa Mungu, alitumia ubatizo kuwatambua wachawi, na waliohukumiwa hivyo aliwaua. Alinyongwa mwaka 1926. Katika mji ambao jina lake lenyewe linamaanisha kutupa uchawi, habari hiyo isisomwe harakaharaka.

Kamwana alirudi akiwa mzee. Hakuungana na Mnara wa Mlinzi wa Marekani. Aliongoza kanisa lake mwenyewe, la Kiafrika, lililojulikana kwa kuombea wagonjwa. Alifariki mwaka 1956, miaka 42 baada ya Oktoba ile.