Mekatilili: Mama aliyewagomea Waingereza

Ukifika Malindi, usiishie ufuoni na kwenye nguzo ya Vasco da Gama tu. Pitia pia sanamu ya Mekatilili wa Menza.

Mjane huyu Mgiriama alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakajaa. Mwaka 1913, katika msitu mtakatifu wa Kaya Fungo, waliapa: hakuna kodi, hakuna kijana kwenda kuwafanyia kazi Waingereza.

Akakamatwa, akapelekwa Kisii, ng'ambo ya nchi. Mwaka 1914 akatoroka, akarudi Pwani. Waingereza wakailipua Kaya kwa baruti ili kuvunja kiapo. Wapi! Wagiriama wakaingia vitani.

Akakamatwa tena, lakini mwishowe alirudi kwao. Kaburi lake liko Bungale, Magarini.