Denis Burkitt: munganga aliyefuata uvimbe wa watoto mupaka kwenye tishu

Kwa miaka mingi, hospitali za Afrika ya Mashariki na ya Kati ziliandika magonjwa mengi tofauti kwa watoto: huyu uvimbe wa taya, yule uvimbe wa figo, mwingine uvimbe ndani ya tumbo. Kumbe mingi kati yake ilikuwa ugonjwa mumoja. Mutu aliyeonyesha njia ya kulijua jambo hilo ni munganga Denis Burkitt. Habari yake inatugusa sisi wakaaji wa Lubumbashi na majimbo yote ya mashariki, kwa sababu Kongo iko katika eneo ambamo ugonjwa huo unapatikana.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 mwezi wa pili 1911 ku Enniskillen, inchi ya Ireland. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alisomea uganga ku Dublin, akawa munganga wa kupasua. Alipoomba kazi Afrika mara ya kwanza walimukatalia juu ya lile jicho. Hakuacha. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuja Afrika ya Mashariki kama munganga wa jeshi, na mwaka wa 1946 alianza kazi Uganda, kwanza ku Lira, kisha ku Kampala, hospitali ya Mulago.

Mwaka wa 1957 walimuita aangalie mutoto mwenye taya zilivimba pande zote mbili, juu na chini. Muda kidogo nyuma yake, ku Jinja, akaona mutoto mwingine mwenye uso uleule. Alipomupima, akakuta na tumbo lake liko na uvimbe. Hapo ndipo swali lilianza: taya na tumbo vinakutana wapi?

Ili tuelewe jibu, tujue kwanza tishu ni nini. Kwa Kifaransa, neno *tissu* ni lilelile la kitambaa, na si bure: mwili unafumwa kwa seli za aina moja zinazofanya kazi pamoja. Jamii za tishu ni ine. Ya kwanza inafunika, kama ngozi na utando wa ndani ya kinywa na matumbo. Ya pili inashikanisha na kutegemeza: mifupa, mafuta, mishipa migumu ya kufunga viungo, hata damu. Ya tatu ni misuli, inayosogeza mwili na kupigisha moyo. Ya ine ni ya neva, inayopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Kiungo kimoja, kama figo, kinaweza kuwa na zote ine. Ndiyo maana kusema tu uvimbe wa figo haitoshi. Lazima kujua ni tishu gani imeharibika.

Ku Kampala, wataalamu wa maikroskopu, kati yao Gregory O'Conor, walichunguza vipande vya uvimbe wa watoto hao. Kwenye taya, figo ao tumbo walikuta seli zilezile, za tishu ya limfu. Ni tishu inayokaa katika matezi ya shingo na kwapa, kwenye wengu na mahali pengine, na kazi yake ni kulinda mwili. Walinzi wenyewe ndio walikuwa wamezaana bila mupaka.

Mwaka wa 1961 Burkitt na waganga wenzake wawili walipanda gari ya zamani, wakatembea karibu kilometre 16.000, wakiuliza kila hospitali kama wanaona uvimbe huo. Walitambua kwamba unapatikana mahali pa joto na mvua, lakini ku milima ya baridi ni haba. Baadaye ilionekana kwamba eneo hilo linafuatana na malaria. Vipande vya tishu vilitumwa kwa ndege mupaka London, na mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake walitangaza virusi walivyovikuta katika seli hizo.

Kupasua hakukuponya watoto, na Kampala haikukuwa na mashine ya kuchoma kansa kwa miali. Basi Burkitt alijaribu dawa. Kwa watoto wamoja uvimbe uliyeyuka kwa siku chache tu, na wengine walipona kabisa. Ni moja ya kansa za kwanza zilizoonyesha kwamba dawa inaweza kuponya.

Burkitt alikufa tarehe 23 mwezi wa tatu 1993 ku Uingereza. Ugonjwa ungali na jina lake, na ungali kwetu. Unakua haraka sana. Wiki chache zinaweza kubadilisha yote. Wazazi, mutoto akivimba taya ao tumbo, ao meno yake yakianza kulegea bila sababu, musiseme ni jino tu, musingojee. Mumupeleke hospitali. Munganga akiomba kukata kipande kidogo cha uvimbe, si kwa kumutesa mutoto. Anataka kujua ni tishu gani, ili atoe dawa inayofaa.