Jaramogi na hospitali ya Russia: Nani hasa anatudai asante?

Ukipanda tuktuk mjini Kisumu ukamwambia dereva unashuka Russia, hatakuuliza kama una pasipoti. Atakupeleka moja kwa moja hadi lango la ile hospitali kubwa kando ya barabara ya Kakamega, karibu na Kondele. Jina lake rasmi ni refu: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Lakini kwa wenyeji, hasa wazee, ni Russia tu. Pengine wewe mwenyewe ulizaliwa humo, ama umewahi kukesha humo ukimuuguza mtu wako.

Sasa hebu jiulize: Russia ilifikaje Kisumu? Na kwa nini hospitali ikapewa jina la Jaramogi? Wengi wetu tunamjua mzee huyu kwa kofia yake, mgwisho wake na jina la ukoo wake. Kisa cha hospitali hatuambiwi sana, labda kwa sababu ndani yake kuna damu.

Oginga Odinga alizaliwa karibu mwaka wa 1911 kijijini Nyamira Kang'o, Bondo, ambako leo ni Kaunti ya Siaya. Alisoma Maseno, akaenda Alliance, halafu Makerere nchini Uganda, akarudi nyumbani kufundisha. Alikuwa mtu wa kujisimamia tangu zamani. Wanawe walipotakiwa kubatizwa, alikataa wapewe majina ya Kizungu, akasisitiza majina ya ukoo wake. Wamishonari walikasirika, lakini hakubadilisha nia.

Kumbuka hiyo ilikuwa Kenya ya mkoloni. Mwafrika alilipa kodi kama kawaida, lakini akiugua aligundua kwamba huduma zimegawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na hospitali yake, Mhindi yake, na Mwafrika alibaki na kilichobaki. Ukanda wetu wa ziwa ndio ulioathirika zaidi. Malaria haikuwa na msimu wa kupumzika, na mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi mno kandokando ya maji. Nani alikuwa na jukumu la kuwatibu watu hawa? Serikali ilikusanya kodi yao, lakini haikuona kwamba inawajibika kwao.

Jibu la kwanza la Odinga lilikuwa: tujisimamie wenyewe. Mwaka wa 1947 alianzisha kampuni iliyojulikana kama Lutatco, ya akiba na biashara. Alisafiri Nairobi, Mombasa, hadi Uganda, akiwashawishi Wajaluo waliokuwa makazini huko wanunue hisa. Pesa zilipatikana kidogo kidogo, yakajengwa maduka, jengo likasimama Kisumu, na hata mtambo wa kuchapisha magazeti ukanunuliwa. Watu wakaona kumbe wanaweza.

Lakini kuna kitu ambacho mchango wa hisa hauwezi kufanya. Unaweza kuchanga ukafungua duka. Huwezi kuchanga ukaajiri madaktari wa mkoa mzima, ukawanunulia dawa kila mwezi na kuwalipa wauguzi wa zamu ya usiku. Hiyo ni kazi ya kodi, na kodi iko mikononi mwa serikali. Ndipo mwalimu akawa mwanasiasa. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuingia bunge la mkoloni kuwakilisha Nyanza ya Kati. Mwaka wa 1963 Kenya ikapata uhuru, na mwisho wa 1964 Jaramogi akawa Makamu wa Rais wa kwanza wa jamhuri.

Serikali mpya iliahidi kupigana na maadui watatu: ujinga, umaskini na magonjwa. Ahadi haikuwa maneno matupu. Mwaka wa 1965 ada ya mgonjwa wa kutibiwa na kwenda nyumbani iliondolewa katika hospitali za serikali. Ukiumwa, unaenda, unatibiwa. Wazazi wa babu zako waliona jambo hilo likitendeka.

Na hapo ndipo Russia inapoingia. Wakati huo dunia ilikuwa imegawanyika mara mbili, Marekani na wenzake upande huu, Muungano wa Kisovieti na wenzake upande ule. Jaramogi aliona hakuna sababu ya Kenya kuwa na rafiki wa upande mmoja pekee. Mwaka wa 1964 aliongoza ujumbe hadi Moscow, na katika makubaliano ya mwaka huo Wasovieti wakakubali kujenga hospitali Kisumu. Tayari kulikuwa na hospitali ya serikali mjini, lakini haikutosha kwa mkoa mzima wa Nyanza.

Jengo lilikuwa bado halijakamilika aliyelitafuta alipoanza kusukumwa nje. Wenzake serikalini walimwita mkomunisti. Mwezi Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU kule Limuru, cheo chake cha makamu wa chama kilivunjwa kikagawanywa vipande vinane. Aprili akajiuzulu umakamu wa Rais, akaongoza chama cha upinzani, KPU. Hospitali ikaendelea kujengwa. Mzee wake akawa adui wa serikali.

Halafu ukaja mwaka wa 1969. Julai 5, Tom Mboya, mwana wa Kisiwa cha Rusinga, aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Nyanza nzima ikawa na uchungu. Miezi mitatu hivi baadaye, tarehe 25 Oktoba, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua rasmi ile hospitali. Jaramogi alikuwepo. Umati ulikuwa mkubwa na wenye hasira, na wafuasi wa KPU wakapiga kelele za chama chao. Rais naye akasimama akamshambulia Odinga kwa maneno makali mbele ya watu wake. Vurugu zikaanza, na walinzi wakafyatua risasi. Ufyatuaji haukuishia uwanjani, uliendelea hata barabarani msafara ulipokuwa ukiondoka.

Serikali ilisema waliokufa ni 11. Hesabu nyingine zinataja makumi ya watu. Siku chache baadaye Jaramogi alikuwa kizuizini na KPU ilikuwa imepigwa marufuku. Hakuachiliwa hadi 1971.

Tulia hapo kidogo. Watu walitoka majumbani kwenda kuona hospitali ikifunguliwa, mahali pa kuokoa maisha, na wengine hawakurudi. Kwa nini? Siasa za Jomo na Jaramogi ni sehemu ya jibu, lakini kuna lingine ambalo halizungumzwi sana. Hospitali ile ililetwa kwa watu kama zawadi. Wasovieti waliitoa kama zawadi kwa Kenya, Rais akaifungua kama zawadi kwa Nyanza, na wenyeji nao waliiona kama zawadi ya mtu wao Jaramogi. Kila mmoja aliamini anadaiwa asante. Mwenye zawadi hupenda kushukuriwa, na asiposhukuriwa hukasirika. Lakini mgonjwa anayelipa kodi hamdai mtu zawadi. Anadai chake.

Miaka iliyofuata ilionyesha hatari ya zawadi, kwamba aliyekupa anaweza kukunyang'anya. Mwaka wa 1989 serikali ilirudisha ada hospitalini, ikaiita kugawana gharama. Huduma iliyokuwa bure kwa karibu robo karne ikawa ya mwenye senti mfukoni. Jaramogi wakati huo alikuwa nje kwenye baridi. Chama chake cha KPU kilikuwa kimezimwa, na jaribio lake la kuanzisha chama kingine mwaka wa 1982 lilikuwa limezuiwa.

Aliinuka tena uzeeni. Mwaka wa 1991, akiwa na miaka karibu 80, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD, vuguvugu lililosaidia kurudisha vyama vingi. Uchaguzi wa 1992 alimaliza wa nne, akaingia bungeni kama mbunge wa Bondo na kiongozi wa upinzani.

Usidhani nakuchorea malaika. Mwaka wa 1993 alikiri hadharani kwamba alipokea shilingi milioni 2 kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa katikati ya kashfa ya Goldenberg. Kashfa ile ilimeza mabilioni ya pesa za umma, pesa ambazo zingenunua dawa na kulipa wauguzi. Hata mzee aliyepigania umma maisha yake yote hakukwepa zawadi yenye masharti. Alifariki Januari 20, 1994, akazikwa nyumbani Bondo. Miaka mingi baadaye Russia ikapewa jina lake.

Basi kisa hiki kinakuhusu nini wewe uliyezaliwa baada ya hayo yote? Kinakuhusu kwa sababu tangu Agosti 2010 mambo yamebadilika kwenye karatasi. Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Inaongeza kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haijasema kila mwenye kadi iliyolipiwa, wala kila aliyepigia kura upande unaotawala. Imesema kila mtu.

Katiba hiyohiyo imegawa kazi. Kaunti ina jukumu la vituo vya afya vya kaunti na zahanati, nayo serikali ya taifa ina sera za afya na hospitali kuu za rufaa. Ndiyo maana kwa miaka kumekuwa na mvutano kuhusu nani aiendeshe hiyo Russia yenyewe. Wauguzi wakigoma, gavana anamnyooshea waziri kidole, waziri anamrudishia gavana. Sasa kuna SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Makato yanaonekana kila mwezi. Huduma je?

Oktoba 2025, mwana wa Jaramogi, Raila, alifia India alikokuwa amekwenda kwa matibabu. Kisumu ililia. Kumlaumu marehemu hakufai, lakini swali linabaki kwetu sote: kwa nini zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, mwenye uwezo bado anavuka bahari, na asiye na uwezo anaanza harambee ya bili kwenye WhatsApp?

Kwa hivyo kiongozi akija kwenu kuzindua ambulensi au wodi mpya na jina lake limeandikwa ubavuni, piga makofi ukitaka, hakuna ubaya. Halafu muulize itakuwa na mafuta hadi lini, dereva wake analipwa kutoka bajeti gani, na dawa za mwaka huu zimetengewa pesa ngapi. Bajeti ya kaunti hupitia vikao vya maoni ya wananchi kabla haijapitishwa, na sheria inakuruhusu kuingia na kusema. Vikao hivyo kwa kawaida hujaa wazee, nao vijana ni wa kuhesabu.

Watu waliopigwa risasi Oktoba 25, 1969 walikuwa wamekwenda kuona hospitali yao. Ilikuwa yao kabla ya utepe kukatwa, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuwadai asante.